Baridi ya Mei Ilipowakuta Mbayuwayu

Halina Wozniak aliendesha basi la shule katika mji mdogo wa Kelso Bay, ukingoni mwa Ziwa Erie, Amerika ya Kaskazini. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipitia ufukweni kuwajulia hali wapangaji wake. Ndivyo alivyowaita. Walikuwa mbayuwayu wa zambarau, ndege weusi wanaong'aa kama hariri jua likiwapiga. Walirudi kutoka kusini kila mwaka baridi inapokwisha. Makazi yao yalikuwa vibuyu vyeupe vilivyoning'inia kwenye mlingoti mrefu, karibu na gati la mji.

Mbayuwayu hawa wamezoea kutundikiwa nyumba na watu. Upande ule wa nchi, wasipotundikiwa hawana pa kutagia.

Mzee aliyekuwa akiwatunza kabla ya Halina alihamia kwa mwanawe, mbali sana. Kwenye mkutano wa mji mwenyekiti aliuliza, "Nani atajitolea kuwaangalia ndege?" Watu wakainamisha vichwa kama wanafunzi ambao hawajasoma. Halina akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Nitajaribu." Mumewe Gus alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Bi. Verna Pickett, kiongozi wa watu wanaojitolea kutunza ndege wilayani, alikuja kumfundisha. Halina alijifunza kushusha vibuyu kwa kamba, kuondoa viota vya shomoro wanaovamia nyumba za wenzao, na kukagua mayai bila kuyavunja. Mwezi wote wa Aprili mambo yalikwenda vizuri. Jozi kama thelathini zilifika. Ufukwe ulijaa kelele zao.

Ikaja Mei. Watu walikuwa wameshapanda nyanya. Ghafla upepo ukageuka. Ulivuma kutoka kaskazini, juu ya maji, ukaleta mvua iliyochanganyika na barafu. Ilinyesha kutwa, ikanyesha na siku iliyofuata.

Jumamosi asubuhi Halina alifika ufukweni, akashtushwa na ukimya. Mbayuwayu walikaa kwenye vyuma vya mlingoti, wamebanana bega kwa bega. Walikuwa wamejivimbisha manyoya, na vichwa vyao vimezama shingoni. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeruka.

Chini ya mlingoti palikuwa na mmoja amelala. Halina alimwokota. Alikuwa mwepesi kama ganda la kitunguu. Mfupa wa kifua ulikuwa umechongoka, hauna nyama pembeni. Alikuwa amekufa.

Halina alikimbia nyumbani. Gus alikuwa jikoni akinywa kahawa pamoja na mama yake, Mama Wanda. Mama Wanda alihamia kwao tangu alipovunjika nyonga. Alitembea kwa fimbo, lakini mdomo wake haukuhitaji fimbo yoyote.

"Ndege wanakufa," Halina alisema.

"Kwa baridi?" Gus aliuliza.

"Sijui. Baridi, njaa, sijui! Mmoja nimemwokota amebaki mfupa mtupu."

"Wape mkate," Mama Wanda alisema. "Ndege ni ndege. Mimi utotoni tulikuwa tunamwaga makombo uani, wanajaa tele."

Wazo lilionekana zuri. Halina alichukua mkate na mfuko wa mtama, akarudi ufukweni pamoja na Gus. Alimwaga vyote chini ya mlingoti, akarudi nyuma kidogo, akasubiri.

Shomoro walikuwa wa kwanza kufika. Wakaja kwezi, kundi zima, wakigombana. Mbayuwayu waliwatazama kutoka juu kama watu wanaotazama sherehe ya jirani. Hata mmoja hakushuka kula.

Kisha wawili walidondoka. Hawakuruka, walidondoka tu, kama matunda. Mmoja aliangukia penye mkate. Kabla Halina hajapiga hatua, paka wa kijivu alitoka chini ya gati. Halina alipiga ukelele, akamrushia kofia. Paka alishatoweka, na ndege mdomoni.

Gus alimwokota yule wa pili, akamtia ndani ya koti lake. "Bado anapumua. Nampeleka nyumbani nimweke karibu na jiko. Nitampa maziwa kidogo."

"Ngoja kwanza," Halina alisema. Akampigia simu Bi. Verna. Alimweleza kila kitu: ndege aliyekufa, mkate, paka, koti la Gus.

Bi. Verna akasema, "Sikiliza. Zoa huo mkate wote. Usimwage tena chochote chini. Huyo ndege mtie kwenye boksi lenye kitambaa, mfunike, mahali pa joto. Asipewe maziwa, asipewe hata maji. Nakuja. Barabara zimeganda, sijui nitachukua muda gani."

Walimtia ndege kwenye boksi garini, kisha wakazoa mkate kwa mikono, wamepiga magoti kwenye tope baridi. Kila Halina alipoinua macho, aliona mbayuwayu wamezidi kubanana. Wengine walikuwa wamefumba macho. Aliangalia barabarani. Hakuna gari.

"Nimewaua mwenyewe," alisema. "Nimemwitia paka chakula."

"Hukujua," Gus alisema.

"Ndiyo maana nasema. Sikujua, na nikajitolea."

Gus alimsogezea glavu zake kavu.

Hatimaye pikapu ya Bi. Verna ilifika ikiserereka. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa mabuti ya mpira, na sauti yake ilitosha kuita ng'ombe kutoka shamba la pili. Hakusalimia. Alisimama chini ya mlingoti, akawatazama ndege mmoja mmoja.

"Wana njaa," alisema. "Baridi wanaivumilia wakishiba. Sasa niambie, Halina, mbayuwayu anakula nini?"

"Wadudu."

"Wadudu gani?"

"Wanaoruka?"

"Wanaoruka, hao tu. Anakula angani, anakunywa akiwa angani, akipita juu ya maji. Hajui kudonoa chini. Umwekee mkate, umwekee nyama ya Krismasi, kwake ni mawe. Sasa vuta pumzi, halafu itoe."

Halina alipumua. Wingu jeupe lilitoka mdomoni mwake.

"Umeliona hilo? Ukiona pumzi yako, ujue wadudu hawaruki. Siku ya kwanza ndege anatumia mafuta ya mwilini. Siku ya pili anaanza kula nyama yake mwenyewe. Ya tatu ndiyo hii. Leo wasipokula, kesho asubuhi utakuja hapa na mfuko wa takataka."

Halina alimsogelea. "Tufanyeje?"

"Chakula chao hakiruki. Basi tutakirusha sisi. Nyenje wanapatikana wapi hapa?"

"Kwa Chet," Gus alijibu haraka. "Duka la chambo. Anauza nyenje kwa wavuvi."

"Nenda. Chukua wote. Wapitishe kwenye friza mpaka watulie kabisa, halafu wachovye kwenye maji ya uvuguvugu, barafu iwatoke. Lete na vijiko vya plastiki. Na huyu wa kwenye boksi nitampeleka kwa daktari wa ndege mwenye kibali. Ndege wa porini haruhusiwi kufugwa nyumbani, hata kwa huruma."

Gus aliondoka mbio. Kilichotokea nyumbani Halina alisimuliwa baadaye. Mama Wanda alifungua friza kutafuta soseji, akakuta nyenje mia kadhaa wamelala juu ya soseji zenyewe. Kelele zake zilisikika nyumba ya tatu.

Gus aliporudi na ndoo, Chet Lindqvist, mwenye duka la chambo, alikuwa nyuma yake. Alikuwa mtu mnene mwenye ndevu za rangi ya kutu. Alikuja kutazama, kikombe cha kahawa mkononi.

"Miaka yote nauza nyenje kwa samaki," alisema. "Leo nauzia ndege. Kesho watakuja kuku waniombe boti."

"Kaa pembeni, Chet," Gus alisema. "Leo si siku ya mzaha."

Bi. Verna aliwaonyesha. Aliweka nyenje kwenye kijiko, akakipinda nyuma kwa kidole, akaachia. Nyenje alipaa, akapita mbele ya nyuso za ndege, akaanguka. "Msiwalenge miili, mtawatisha. Apite mbele ya mdomo, kama mdudu aliye na safari zake. Rudieni, na msiache."

Walirusha. Mbayuwayu hawakutikisika. Nyenje walipanda, wakashuka, wakaanguka kwenye mchanga. Halina alikimbia kuwaokota kabla kwezi hawajafika, akawarusha tena. Vidole vyake viliuma, kisha vikaacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi.

Theluji ilianza kudondoka. Theluji, katikati ya Mei.

"Hawaoni," Gus alisema.

"Wanaona," Bi. Verna alijibu. "Hawajaelewa. Ungekuwa wewe, ukaona nyama choma inapita dirishani, ungeelewa mara moja?"

Ndege mwingine aliyumba kwenye chuma. Aliteleza, akashika tena kwa kucha, akaning'inia. Ndege alijivuta polepole akarudi kukaa.

"Bi. Verna," Gus alisema kwa sauti ya chini. "Labda tukubali yaishe. Mke wangu anaganda."

"Sikubali mimi," Halina alisema. Hakugeuka kumtazama. "Wewe nenda nyumbani kama umechoka."

Gus alichukua kijiko kingine, akakiweka mkononi mwa Chet. "Rusha," alimwambia. "Umekunywa kahawa ya kutosha."

Chet alicheka, akarusha kwa nguvu zote. Nyenje alimpiga Gus kwenye paji la uso. Hata Bi. Verna alicheka. Chet alirusha tena, polepole safari hii, kama mvuvi anayetupa chambo kwenye maji matulivu. Nyenje alipanda juu, akazunguka taratibu mbele ya dume mmoja mzee aliyekaa mwisho wa chuma.

Dume aligeuza kichwa.

"Mmeona?" Halina alinong'ona. "Amemfuata kwa macho. Chet, palepale! Mrushie palepale!"

Chet alirusha. Dume alinyoosha shingo, akachelewa kidogo tu. Nyenje akaanguka. Halina akarusha wa kwake. Ndege aliruka kutoka kwenye chuma, mabawa mazito, akapiga duara fupi. Mdomo ukafunga. Walisikia sauti yake, tak, kama kijiti kinachovunjika. Alirudi mahali pake, akameza.

Walichukua nyenje wengine polepole. Waliogopa kuharibu.

Halina alirusha tena. Dume aliruka tena, akadaka. Jirani yake alimtazama. Kwa nyenje wa tatu waliruka wawili. Baada ya hapo hakuna aliyejua nani anarusha na nani anadaka. Mbayuwayu walitoka kwenye vyuma mmoja mmoja, dhaifu, wakiyumba, lakini wakiruka. Chet alikuwa akipiga kelele kama yuko kiwanjani. "Huyo! Huyo! Daka, mwanangu, daka!"

Kisha Gus akainamisha ndoo. "Wamekwisha."

"Dukani sina hata mmoja," Chet alisema. Furaha ilimtoka usoni.

"Nusu yao hawajala," Halina alisema.

Bi. Verna aliuliza, "Nyumbani una mayai?"

Mama Wanda alikuwa amejiandaa kugomba tangu mambo ya friza. Lakini Halina aliingia na nyusi zake zina theluji, akasema, "Mama, nahitaji mayai ya kuvuruga, mengi, sasa hivi." Yule mzee alimtazama usoni, akafungua kabati la masufuria.

Alivunja mayai yote yaliyokuwamo. Alipochukua chumvi, Halina alimshika mkono.

"Bila chumvi, Mama. Bila maziwa, bila vitunguu. Makavu, vipande vidogo kama nyenje."

"Mayai bila chumvi? Hata mbwa hali."

"Mbwa hali. Hawa watakula."

"Nimepika miaka hamsini, na leo napikia ndege chakula cha hospitali." Lakini aliirudisha chumvi kabatini. Mayai yalipoiva, alivaa koti. "Nawe usinitazame hivyo. Nitakaa kwenye gari. Nataka niwaone hao wateule wakila upishi wangu."

Vipande vya mayai vilikuwa vya njano, vinaonekana vizuri kwenye anga la kijivu. Mbayuwayu walisita kwanza. Yule dume mzee alidaka kimoja, na baada yake wote. Mama Wanda alishusha kioo cha gari akapaza sauti, "Yule mwembamba kulia hajapata! Gus, una macho au vifungo? Kulia!" Walirusha hadi mwanga ulipofifia. Ndege waliingia kwenye vibuyu, wengi wakijibana katika kibuyu kimoja wapate joto.

"Tumewapa usiku mmoja," Bi. Verna alisema. "Zaidi ya hapo sijui."

Alfajiri baridi ilikuwa kali zaidi. Walifika wote wanne, pamoja na Mama Wanda garini, na sufuria mbili za mayai. Barafu ilikuwa imefunika vibuyu. Matundu yote yalikuwa meusi na kimya.

Walisubiri. Kulipambazuka kabisa. Hakuna aliyetoka.

Halina hakuweza kuvumilia. Alishika kamba ya mlingoti. "Navishusha. Nataka kujua."

"Usiguse," Bi. Verna alisema kwa ukali. "Kama wako hai, wamejibana humo kulinda joto. Ukivifungua watatawanyika, watalipoteza. Subiri."

"Na kama wamekufa?"

"Basi kusubiri hakutawaua tena."

Halina aliachia kamba. Gus alimshika bega. Upepo ulipita kwenye vyuma ukapiga mluzi.

Kwenye kibuyu cha juu kabisa, kitu kilisogea. Mdomo. Kisha kichwa, kimevurugika manyoya. Ndege alitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Nyuma yake alisukuma mwingine. Kibuyu cha pili kikatoa watatu. Halina alijikuta analia na kurusha mayai kwa wakati mmoja, hata hakuona anakorusha.

Waliwalisha siku ile nzima. Watu waliotoka kanisani walisimama, wakaomba vijiko. Jumatatu upepo uligeuka. Jua lilipochomoza, visubi, wadudu wadogo wanaoruka, vilipanda kutoka ziwani kama moshi, na mbayuwayu waliruka juu sana, ambako mayai ya mtu hayafiki.

Joto liliporudi, Halina na Bi. Verna walishusha vibuyu. Ndani walikuta tisa waliokufa. Halina aliwazika kando ya gati. Lakini waliobaki walitaga. Julai matundu yalijaa midomo ya makinda. Hata yule ndege wa kwenye boksi alirudishwa ufukweni, akaachiwa. Alizunguka mara moja, akachanganyika na wenzake, watu wasimjue tena ni yupi.

Halina alijifunza, na hakubaki na elimu hiyo peke yake. Watu kumi na wawili walijitolea kusaidiana naye kwa zamu. Chet alitenga friza moja dukani kwa ajili ya nyenje wa ndege tu. Gus alitengeneza sinia la mbao linalopandishwa juu ya nguzo, kwa sababu mbayuwayu wakishajifunza kula mayai ya kurushwa, wanaweza kuyachukua hata kwenye sinia lililoinuliwa. Mwenye paka wa kijivu alikubali kumfungia ndani majira ya ndege. Shuleni, watoto wa basi la Halina walijua wote kwamba mkate haumsaidii mbayuwayu, na kwamba ukiona pumzi yako siku mbili mfululizo, ni wakati wa kuandaa vijiko.

Mwaka uliofuata baridi ilirudi mwishoni mwa Aprili, pamoja na theluji. Halina hakungoja siku ya tatu. Alifika ufukweni na ndoo ya mayai ya kuvuruga, Gus na Chet nyuma yake, na Mama Wanda kwenye gari na shali mabegani. Mbayuwayu walikuwa kwenye vyuma, wamejivimbisha.

Halina alishika kifuniko cha ndoo. Kabla hajakiondoa, dume mmoja aliruka kutoka kwenye chuma. Wakamfuata wawili, kisha kundi zima. Walimzunguka juu ya kichwa, wakipiga kelele, karibu kiasi kwamba alihisi upepo wa mabawa shavuni. Alisimama tu, ndoo mikononi.

"Wewe Halina!" Mama Wanda alipaza sauti kutoka garini. "Umesimama kama nguzo na watu wana njaa! Rusha!"

Halina aliondoa kifuniko, akapinda kijiko, akaachia. Hakuna kipande kilichofika chini.